Njoo na Njaa

"Kuanzia kesho, kaka, usiniletee tena wageni."

Kiguu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwavuli wake wa kijani kwapani, na tabasamu lilikuwa bado liko usoni kwa sababu habari ilikuwa haijalifikia. Kilichomchoma kwanza hakikuwa hayo ya wageni. Kilikuwa hilo neno "kaka". Tangu lini akawa kaka? Taratibu, mwanamke mwenye jiko hili, alikuwa akimwita Kiguu kama watu wote, na siku akiwa na furaha alimwita "we mtembezi", na yeye aliyaweka majina hayo moyoni kama akiba.

"Taratibu, kuna nini? Nimekukosea?"

"Hujanikosea. Kazi yangu na yako haziendani, basi." Alitua kando ya sinki sinia la sahani zilizotoka mezani, bila kumtazama. "Halafu kuna jambo jingine, afadhali ulisikie kwangu. Bwana Roshani anataka nifunge hapa nikapike kwake. Na anataka kunioa. Jumapili nampa jibu."

"Jibu gani?"

"Jumapili utalisikia kama watu wengine."

Huko mbele wageni walikuwa wakimwita mwongozaji wao aje wapige naye picha ya kuagana. Akaenda. Picha hiyo ipo mpaka leo, na ukiitazama utaona wote wanacheka isipokuwa mwenye mwavuli, ambaye macho yake yameelekea upande wa jikoni.

Sasa niwajulishe watu hawa, maana si vizuri kumtembeza mgeni bila kumwambia yuko wapi.

Kiguu ni jina la utani, la kiguu na njia, na alilistahili. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwa miguu katika mitaa ya zamani ya mji, mgahawa baada ya mgahawa, wanaonja kidogo hapa, kidogo pale, huku yeye akiwasimulia nani anapika na kwa nini moshi wa jiko lile unanukia vile. Mwavuli aliubeba juu, mvua isiponyesha pia, ili asipotee mtu. Safari ilianzia kwa Bwana Roshani, juu ghorofani, kwenye kibaraza cha mbao kilichoning'inia juu ya barabara na kumpa mwenyewe jina lake. Ikapita kwa muuza supu, kwa mwoka mikate, kwa mkaanga samaki. Ikaishia kwenye mgahawa mdogo wenye mapazia ya njano, mwisho wa mtaa wa mafundi cherehani. Hapo ndipo kwa Taratibu.

Naye Taratibu si jina alilopewa na mama yake. Mama yake alimwachia mgahawa, sufuria na Shangazi wa kuhudumia meza. Jina walimpa wateja, kwa sababu kila aliyegonga kijiko mezani alijibiwa kutoka jikoni, "Taratibu, kuku hana pa kwenda." Na kweli kuku wake hakuwa na pa kwenda. Alikaa kwenye moto mdogo tangu asubuhi, pamoja na vitunguu, mpaka vitunguu vyenyewe vikasahau kuwa vilikuwa vitunguu.

Kiguu alimpenda. Nasema mimi, maana yeye hakusema. Mwaka mzima wageni walipoondoka alibaki, akakunja vitambaa vya mezani na Shangazi, akanywa chai, akaongea habari za kila mtu isipokuwa zake. Mtu ambaye kazi yake ni kuongea kutwa, likija lake anakuwa bubu. Yeye ndiye aliyepanga mgahawa huu uwe wa mwisho katika safari. Alikuwa na sababu yake, na alidhani kila mwenye macho anaiona.

Jioni ile alimwandikia ujumbe.

"Taratibu, kama kuna kosa niambie nijirekebishe."

Jibu lilikuja upesi, na hilo pekee lilimtisha, kwa sababu mwanamke huyu hakuwa na upesi katika jambo lolote.

"Umeniweka wa mwisho. Nimeelewa. Asante kwa yote."

Kiguu aliusoma akiwa amesimama, akausoma akiwa amekaa. Haukubadilika.

Asubuhi akampigia Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nilijua utapiga. Umechelewa, lakini wewe ndivyo ulivyo."

"Kuwa wa mwisho kuna ubaya gani? Mahali pa mwisho ndipo mgeni anapoondoka napo moyoni."

"Moyoni labda. Tumboni hapana." Akasikika akivuta kiti. "Wewe unawaona wakiingia wanacheka, unawaona wakitoka wanacheka. Mimi ndiye ninayerudisha sahani jikoni. Zinarudi nusu, mwanangu. Kila siku. Mtoto wa watu anashinda na moto tangu asubuhi, halafu anasimama pale dirishani anaangalia kuku wake akimwagwa. Mpishi huwezi kumdanganya kwa sifa. Anaangalia kilichorudi."

Kiguu alianza kuona kitu, na hakukipenda.

"Na unajua ni sahani ipi inayorudi imejaa kuliko zote?"

"Ipi, Shangazi?"

"Ya kwako."

Akajaribu kujitetea. Mwongozaji asipokula, wageni wanaona haya kula, kwa hiyo kila mahali lazima awe wa kwanza kutia tonge mdomoni, na akifika mtaa wa mafundi tumbo limekaza hata mkanda unalalamika. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, ambao haukuwa mbali.

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," alisema. "Mwaka mzima hujaingia kwetu na njaa hata siku moja, halafu unataka mtu ajue unampenda."

"Nani kasema nampenda?"

"Mapenzi ni kikohozi. Umekohoa mwaka mzima, mimi ndiye niliyekuwa nakuletea chai."

Siku hiyo Kiguu alipanda ngazi za Bwana Roshani akiwa na macho mapya. Makubaliano yalikuwa kila mgahawa kabla ya ule wa mwisho utoe kionjo, yaani kisahani cha kumtamanisha mtu, si cha kumlaza. Ajabu ni kwamba alikuwa amepita hapo mara zisizohesabika, na akili yake ilikuwa kwenye hadithi atakayosimulia, hakuangalia meza. Sasa aliangalia. Zilikuja sahani za watu wazima. Wali kama kichuguu, nyama juu yake, mkate pembeni, na mgeni akitaka kupumzika mhudumu anamwongeza. Bwana Roshani mwenyewe, shati limenyooshwa, alikuwa akipita kati ya meza akiwashika watu mabega.

"Kuleni, ndugu zangu, shibeni hapa hapa. Huko mwisho mpishi wake mkono wa chumvi ni mzito, sitaki muumie na kiu."

Kiguu alimvuta pembeni, karibu na reli ya kibaraza.

"Bosi, tulikubaliana vionjo."

"Ukarimu umekuwa kosa?"

"Na hiyo chumvi?"

Bwana Roshani alicheka kidogo, bila haya.

"Ndugu yangu, wewe ndiye uliyemweka mkiani, si mimi. Nilimwambia tu: mwongozaji anajua chakula kuliko sisi sote, angekipenda chako asingekifanya cha mwisho. Nilidanganya wapi?"

Hilo ndilo lililomuuma. Kisu kilikuwa cha Roshani, lakini mpini aliutengeneza Kiguu mwenyewe.

Akashuka ngazi akitaka kukimbia moja kwa moja mpaka mtaa wa mafundi na kumwaga yote. Alimpigia Shangazi kwanza, huku wageni wakisubiri chini ya mwavuli, na Shangazi akamkataza. Ukimsema mwenzio, alimwambia, Taratibu ataona ni wivu wa mtu aliyechelewa, na kuchelewa ni kweli umechelewa. Msichana yule haamini maneno siku hizi. Mletee watu wenye njaa.

"Lakini amekataa wageni wangu."

"Amekataa wageni wa kumalizia safari. Wanaoingia mchana kutafuta chakula ni wateja, na anayekaribisha wateja ni mimi. Kesho Jumamosi. Geuza mwavuli wako."

Akaugeuza. Jumamosi aliwakusanya wageni wake, akawaomba radhi kwamba leo wataanzia mwisho, na wao ambao hawakujua mwanzo ulikuwa wapi hawakuona tofauti. Wengi walikuwa hawajagusa kitu tangu kuamka, kwa sababu waliambiwa leo ni siku ya kula. Mama mmoja mwenye kofia ya ukindu alikuwa analalamika tumbo linamsuta. Kiguu mwenyewe hakuwa amekunywa hata chai.

Taratibu alikuwa jikoni, amegeuzia mlango mgongo. Alisikia viti vikivutwa, akasikia Shangazi akiagiza sahani nyingi kuliko kawaida ya mchana, akapakua. Hakuuliza. Siku ile alipika kama mtu anayeaga, na mwiko aliouacha mama yake ulikuwa mzito mkononi.

Kisha sahani zikaanza kurudi.

Ya kwanza Shangazi aliiweka kwenye dirisha dogo linalotenganisha jiko na meza. Taratibu aliitazama, akadhani imeshapita kwenye sinki. Ikaja ya pili, imepanguswa kwa mkate hadi ua lililochorwa katikati likaonekana. Ya tatu ilikuja na ujumbe kwamba mama mwenye kofia anaomba aongezwe, na kama haiwezekani basi apewe tu mchuzi. Taratibu aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akakaa juu ya gunia la vitunguu, akaweka aproni usoni, akalia kimya kimya kwa muda ambao Shangazi, kwa adabu, alijifanya anatafuta chumvi.

Alipotoka, uso ulikuwa umeoshwa. Akamwona mwenye mwavuli amesimama mlangoni. Hakuwa amekaa wala hakuwa na sahani.

"Hawa watu wako wamekula wapi?"

"Hawajala popote. Hapa ndio mwanzo."

"Na kwa Roshani?"

"Leo ndio mwisho."

Alimtazama, akawatazama wageni waliokuwa wakifuta vidole, akatazama ile njia nje ya mapazia ambayo kila siku ilimletea watu walioshiba. Kisha akafungua kamba za aproni.

"Shangazi, nishikie jiko. Nakwenda kutembea."

Hakuwa amewahi kuiona safari hiyo. Mpishi huwa haoni ng'ambo ya jiko lake. Alitembea nyuma ya kundi, karibu na Kiguu, kwa mkaanga samaki ambako walipewa vipande vya kidole kimoja, kwa mwoka mikate, kwa muuza supu aliyetoa vikombe vidogo kama vya dawa. Kila mahali aliona kionjo ni kitu gani. Kiguu naye kila mahali alisimulia bila kula, na wageni wakala tu bila haya yoyote, hivyo ile hoja yake ya mwongozaji kutangulia kula ikafia njiani.

Karibu na duka la rangi wageni walisimama kupiga picha za milango, na hao wawili wakabaki peke yao chini ya mwavuli.

"Kwa nini uliniweka wa mwisho?"

Kiguu alisafisha koo. Hadithi zote za mji huu alizijua kwa ghibu isipokuwa hii.

"Kwingine kote nina haraka," alisema. "Nikiwa kwa samaki nawaza mkate, nikiwa kwa mkate nawaza supu, naangalia saa. Kwako sina tena pa kwenda. Niliupanga mji mzima ili nikifika kwako nikae."

"Ungesema."

"Nilidhani unaona."

"Mimi naona sahani, Kiguu." Alikuwa ameacha kumwita kaka, nao wote wawili walilisikia hilo. "Mwaka mzima naangalia sahani yako. Najua ukiwa umegusa paja, najua ukiwa umesukuma wali pembeni uonekane umepungua. Mtu anayenipenda gani anasukuma wali pembeni?"

"Mjinga mmoja aliyeshiba."

Hakucheka. Lakini hakusogea nje ya mwavuli pia, na jua lilikuwa halichomi.

Kwa Bwana Roshani ngazi ni nyembamba, watu wanapanda mmojammoja. Taratibu alipanda wa mwisho, nyuma ya bwana mmoja mrefu, na mwenye nyumba hakumwona. Alikuwa amesimama juu, mikono imepanuliwa.

"Karibuni, karibuni. Nasikia leo mmezungushwa kinyumenyume. Poleni sana. Yule mliyeanzia kwake anapika kwa mazoea tu, na mkono wake wa chumvi nadhani mmeuonja. Hapa sasa ndipo mtakula."

"Sisi tuliomba tuongezwe," alisema mama mwenye kofia.

Bwana mrefu alisogea kutafuta kiti, na nyuma yake akabaki Taratibu, mkono bado uko kwenye reli ya ngazi.

"Kumbe ni chumvi, Bwana Roshani?"

Mtu huyu alikuwa hodari, nampa haki yake. Alibadilika rangi mara moja tu.

"Bibie. Hukuniambia unakuja. Hayo ni maneno ya biashara, kila mtu anavutia kwake."

"Uliniambia chakula changu ndicho kimeshindwa. Ukaniambia hata mwongozaji anaona. Na kumbe watu wanatoka hapa wamejazwa mpaka kooni, ndio waje kwangu."

"Nilitaka uje kwangu. Nina jiko kubwa, nina jina. Nilikutaka kweli."

"Ulinitaka nije nikiwa nimeshindwa." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile ya kumwambia mteja kuku hana pa kwenda. "Jumapili ni mbali, Bwana Roshani. Jibu lako ni hapana."

Hapo hapo wahudumu, ambao hawakuwa wameambiwa vita vimeisha, wakaleta sahani zilizojaa vichuguu vya wali. Wageni walitazamana. Walikuwa na adabu, wakajaribu. Huyu akagusa nyama, yule akasukuma wali pembeni uonekane umepungua. Baada ya muda sahani zikarudi jikoni moja moja mbele ya macho ya mwenye roshani, ambaye alizifuata kwa macho mpaka mlangoni.

Taratibu alizitazama pia. Alipofika kwenye ngazi aligeuka.

"Usijilaumu sahani zikirudi hivyo," alimwambia. "Wamekuja wameshiba."

Aliteremka akaenda zake. Kiguu hakuweza kumfuata, kazi ni kazi, ilibidi awafikishe wageni kwenye kituo cha teksi na kuwaaga mmojammoja. Mama mwenye kofia alimshika mkono akamuuliza kwa nini bado yuko pale. Teksi ya mwisho ilipoondoka alitoa simu.

"Bado kuna chakula?"

Safari hii jibu halikuja upesi. Lilikuja kwa mwendo wake wa kawaida, na Kiguu alipita maduka kadhaa huku ameshika simu mkononi.

"Kipo. Njoo na njaa."

Alitembea njia ile ile peke yake, bila hadithi. Muuza supu alimwita, akapunga mkono akapita. Mwoka mikate alimnyooshea kipande cha moto, akakataa, na mwoka mikate akamshangaa maana hajawahi kuona mguu huo ukikataa kitu. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwenye mapazia ya njano. Cherehani za mtaa mzima zilikuwa zinalia.

Shangazi alimwonyesha meza ya karibu na dirisha la jikoni, akaondoka na vitambaa vyake akavikunjie mbali, ingawa si mbali kiasi cha kutosikia. Taratibu alimletea sahani mwenyewe. Hakukaa. Alirudi jikoni akasimama dirishani, mahali pake pa mwaka mzima, akatazama.

Kiguu alikula. Tonge la kwanza lilipoingia alifumba macho, kwa sababu ndipo alipogundua kuwa hajawahi kula chakula hiki. Alikuwa amewasimulia watu wa dunia nzima habari za kuku huyu, vitunguu vyake na moto wake mdogo, na hakuwa akijua anachosema. Akala bila kuongea. Akamaliza nyama, akamaliza wali, akachukua mkate akapangusa mpaka ua la katikati likatokea.

Kisha akainua uso.

"Nimekuwa mwongo mwaka mzima," alisema. "Nilikuwa nasema ni kizuri. Si kizuri tu."

Taratibu alitoka jikoni, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye meza ya mgahawa wake mchana.

"Kesho nilikuwa na jibu la kutoa."

"Umeshalitoa."

"Nimetoa la Roshani. Wewe hujauliza."

Kiguu alitazama mwavuli wake uliolala chini ya kiti, akaona hautamsaidia. Basi akasema kama maneno yalivyokuja.

"Nataka niwe naishia hapa kila siku. Si safari. Mimi. Nataka unioe, yaani nikuoe, vyovyote vile."

Huko mbali Shangazi alikohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha mafua.

Kiguu alisubiri, akijua kwamba mwanamke huyu hapiki kitu chochote haraka. Cherehani moja ilinyamaza, nyingine ikaendelea.

"Wageni waanzie hapa," alisema mwishowe. "Wewe uishie hapa. Na ukifika, uwe na njaa."

"Nitakuja nayo."

Shangazi hakuweza kuvumilia tena. Alikuja akijipangusa macho kwa kitambaa cha mteja, akanyoosha mkono achukue sahani aende kuosha.

"Iache, Shangazi," Taratibu alisema. "Hajamaliza."

"Sahani nyeupe hii unasema hajamaliza?"

Taratibu aliichukua mwenyewe, akasimama.

"Namwongeza."